Land Rover 109: taa za kazi za nyuma zimeungwa na rivasi, sasa injini haizimi kwa funguo

#1 Bonde_la_Ufa
Wakuu, habari. Gari ni Land Rover Series III ya 109 (inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na nyuma), petroli lita 2.25, kabureta Zenith, altaneta Lucas 16ACR, volti 12, ethi hasi (upande hasi wa betri umeungwa kwenye bodi). Nyuma ilikuwa na taa moja ya rivasi, globu ya wati 21. Zimeongezwa taa mbili za LED za wati 27 kila moja juu ya mlango wa nyuma. Zinatakiwa ziwake zenyewe ukiingiza rivasi, na pia ziwake kwa swichi ya dashibodi gari ikiwa imesimama, kwa ajili ya kupakia mzigo au kubadili tairi usiku.

Ilivyofungwa: waya wa moto unatoka betri kupitia fyuzi ya ampia 20, unaingia swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi, kisha unakwenda kwenye taa. Huko nyuma waya huohuo umeunganishwa na ule wa taa ya rivasi, kijani chenye mstari wa kahawia. Hakuna rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa). Taa zote zinawaka vizuri.

Tatizo: ukiwa kwenye rivasi, swichi ya taa za kazi imewashwa, ukazima funguo, injini inaendelea kunguruma kama kawaida. Naona swichi ya funguo imechoka, gari ni ya umri mkubwa. Mnasemaje?

#2 Fundi_Waya
Swichi ya funguo iache kwanza. Umeme unarudi nyuma. Fuata rangi za waya za Lucas, waliotengeneza vifaa vya umeme vya gari hizi. Waya mweupe unatoka swichi ya funguo kwenda koili inayozalisha umeme wa cheche, na unalisha pia boksi la fyuzi. Baada ya fyuzi unakuwa wa kijani. Wa kijani unaingia swichi ya rivasi kwenye giaboksi na kutoka ukiwa kijani chenye kahawia kwenda taa ya nyuma. Sasa wewe umeleta moto wa betri kule mwisho. Gia ikiwa rivasi, swichi ya giaboksi imefunga, hivyo moto unapanda kijani chenye kahawia, unapita giaboksi, unaingia kijani, unavuka fyuzi kinyumenyume, unafika mweupe, unafika koili. Ukizima funguo unakata njia moja tu, ya pili ipo wazi.

Fyuzi yako ya 20 haitakatika maana koili na geji havizidi ampia tano au sita.

#3 Mzee_wa_Zenith
Fundi_Waya umeeleza vizuri lakini usisahau kwamba 2.25 ya petroli inajulikana kwa kuendelea kuzunguka baada ya kuzimwa. Masizi kwenye chemba yakiwa mekundu kwa joto yanawasha mafuta bila cheche. Taimingi ikiwa imechelewa au kabureta inapitisha mafuta machache, ndiyo balaa zaidi. Mleta uzi angalia hilo kabla ya kukata waya.

#4 Chuma_Chakavu
Mzee_wa_Zenith, hiyo unayosema ina sauti yake. Injini inakohoa, inatikisika, inazunguka kwa kusuasua sekunde kadhaa kisha inakufa. Mleta mada kasema "kama kawaida". Kipimo ni rahisi: injini ikiwa imegoma kuzima, chomoa waya mweupe kwenye koili, kwa kushika sehemu yenye plastiki. Ikifa papo hapo, ni umeme. Ikiendelea kukohoa, ni joto la chemba.

#5 Bonde_la_Ufa
Asanteni. Majibu ya kipimo: inanguruma laini kabisa. Ukichomoa waya wa koili inakufa papo hapo. Ukizima swichi ya taa za kazi inakufa. Ukitoa gia kwenye rivasi inakufa pia.

#6 Fundi_Waya
Basi umeshajijibu. Vitu vitatu vyote vinakata njia ileile.

#7 Nanyuki_4x4
Niongeze hatari moja ambayo ni kubwa kuliko injini kugoma. Handibreki ya Series inafunga shafti ya nyuma ya giaboksi, siyo magurudumu, na madereva wengi hawaiamini mlimani, wanaacha gari kwenye gia. Tuseme gari imeegeshwa na gia ya rivasi, injini imezimwa, mtu anawasha taa za kazi apakie magunia. Koili sasa ina moto. Kama pointi za distribyuta (ncha zinazofunga na kukata umeme wa koili) zimesimama zikiwa zimefunga, ampia tatu hadi nne zinapita kwenye koili mfululizo bila kupumzika. Baada ya nusu saa koili ni ya moto huwezi kuishika, mafuta ya ndani yanavuja, na pointi zinaungua. Asubuhi gari haiwaki na kila mtu anatafuta tatizo kwenye plagi.

Dawa yangu: swichi ya hatua tatu, yenye kuwaka juu, kuzima katikati, kuwaka chini. Pini ya katikati iende kwenye taa. Upande mmoja upokee waya wa rivasi, upande wa pili upokee moto wa betri. Pande hizo mbili haziwezi kugusana kamwe, kwa hiyo umeme hauna pa kurudia. Hakuna daiodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), na ikiharibika unaona kwa macho.

#8 Daiodi_1N4007
Nanyuki_4x4 swichi ya hatua tatu ni salama kwa koili lakini ina kasoro ya kibinadamu. Dereva akiiacha katikati, taa kubwa haziwaki akiingiza rivasi, na anagundua wakati nyuma kuna jiwe. Akiiacha upande wa betri, anaingia lami na taa nyeupe zinamulika walio nyuma yake. Mleta uzi anataka ziwake zenyewe, kwa hiyo tumia rilei moja na daiodi mbili:

Rilei ya pini nne, volti 12, ampia 30.
Pini 30: moto wa betri, waya wa mm² 2.5, fyuzi ya ampia 15 ndani ya sentimita 20 kutoka betri.
Pini 87: kwenda taa mbili za LED, mm² 2.5.
Pini 85: ethi, kwenye chuma cha chasisi kilichokwanguliwa rangi.
Pini 86: hapa zinakutana daiodi mbili. Moja inatoka waya wa rivasi, nyingine inatoka swichi ya dashibodi. Mstari mweupe wa kila daiodi utazame pini 86.

Taa ya zamani ya wati 21 ibaki peke yake kwenye waya wake. Koili ya rilei inavuta ampia 0.15 hadi 0.2 tu, na daiodi ya 1N4007 inabeba ampia 1, kwa hiyo ina nafasi ya kutosha. Inapoteza volti 0.7 hivi, ila rilei inanasa hata kwa volti 8, haitaona tofauti. Ziunge kwa lehemu, siyo kusokota na tepu, kisha ziingize kwenye mpira unaosinyaa kwa joto. Miguu ya daiodi ni myembamba, mtikisiko wa barabara ya vumbi unaikata ukiiacha inaning'inia.

#9 Chuma_Chakavu
Sababu nyingine ya rilei: hesabuni kinachopita kwenye swichi ya giaboksi sasa hivi. LED mbili ni wati 54, yaani ampia 4.5. Ongeza globu ya 21, ampia 1.75. Jumla 6.25 kwenye swichi ndogo iliyotengenezwa kwa globu moja au mbili. Inafanya kazi leo, lakini ncha zake zinaungua taratibu.

Na kwa wenye Series zilizotoka kiwandani bila taa ya rivasi, ambazo ni nyingi: unafunga swichi ndogo kwenye kibati pembeni ya mkono wa gia. Irekebishe ibonyezwe gia ikiwa imeingia hadi mwisho, siyo njiani, la sivyo taa zitawaka na kuzima kila ukipita karibu na rivasi. Hizo swichi ndogo nyingi ni za ampia 5, kwa hiyo rilei ni lazima. Tafuta yenye mpira wa kuzuia vumbi.

#10 Mkonga_78
Poleni watu wa Land Rover. Kwenye Land Cruiser nafunga rilei mbili, moja ya rivasi na moja ya swichi, pini 87 zote mbili zinaungana kwenye taa. Hakuna daiodi ya kukatika wala ya kugeuza kimakosa, na rilei moja ikifa nyingine ipo. Gharama ni ya rilei moja zaidi.

Angalizo kwa wenye Land Cruiser za BJ za volti 24: taa nyingi za LED zimeandikwa 10–30V na zinakubali, lakini rilei ya volti 12 itaungua koili yake. Nunua ya 24.

#11 Nanyuki_4x4
Karibu, Mkonga_78. Rilei mbili nazikubali kuliko daiodi. Porini rilei inapatikana kwenye gari lolote lililo karibu, unaazima ya honi.

#12 Daiodi_1N4007
Daiodi ikifungwa sawasawa haifi. Kinachoweza kusumbua ni mpigo wa umeme unaorudi kutoka koili ya rilei inapozimwa, na hilo linatibiwa kwa kununua rilei yenye daiodi au rezista ndani. Yenye daiodi ndani ni lazima 86 iwe chanya na 85 hasi. Ukigeuza, unapiga shoti.

#13 Vumbi_la_Singida
Swali. Series IIA ya 1966, ethi ni chanya. Taa za LED zitakubali?

#14 Fundi_Waya
Vumbi_la_Singida umeuliza jambo la maana. Land Rover ilihamia ethi hasi 1967, kwa hiyo yako ni ya kabla. Globu haijali upande. LED inajali: waya mwekundu uende kwenye bodi, mweusi uende kwenye waya wenye umeme. Lakini kabla ya hapo pima kwa multimita kati ya waya mweusi na ganda la taa. Baadhi ya taa zimeunganisha hasi na ganda la alumini. Hiyo ukiifunga kwa bolti kwenye bodi ya ethi chanya, siku unayowasha ndiyo siku fyuzi inakatika. Itabidi uitenge kwa wosha na vikombe vya plastiki, au ugeuze gari zima kuwa ethi hasi. Na daiodi za #8 zote zinageuzwa, mstari utazame upande mwingine.

#15 Chuma_Chakavu
Yake pia ni ya dinamo, mashine ya kuchaji iliyotumika kabla ya altaneta. Lucas C40 inatoa ampia 22 hivi ikizunguka vizuri, na kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) karibu haitoi kitu. Taa za kazi zinatumika gari ikiwa imesimama, kwa hiyo unakula betri. Betri ya Ah 70 (ampia 70 kwa saa moja, au 7 kwa saa kumi), ambayo hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa globu mbili za wati 55 (ampia 9.2) inakupa chini ya saa nne. Kwa LED mbili za wati 18, ampia 3, unapata zaidi ya saa kumi. Kwenye dinamo LED siyo anasa.

#16 Mzee_wa_Zenith
Kuna watu wa LED husema waya mwembamba unatosha. Hapana. Mita sita za waya wa mm² 1.0 zina ohmu 0.105. Ukipitisha ampia 9.2 za globu unapoteza karibu volti 1 kabla ya kufika kwenye taa, na globu ya halojeni ikipata volti 11 badala ya 12 inapoteza kama robo ya mwanga wake. Kwa mm² 2.5 unapoteza 0.4 tu.

#17 Daiodi_1N4007
Mzee_wa_Zenith hesabu yako ni sahihi kwa globu. LED yenye saketi yake ndani inashikilia mwanga uleule. Volti zikishuka inavuta ampia zaidi. Ila hitimisho ni lilelile: fyuzi inalinda waya, hailindi taa. Ukiweka waya wa mm² 1.0 halafu fyuzi ya 20 kama ya mleta uzi, waya ukikwaruzwa na kugusa chasisi nusunusu unaweza kuungua kabla fyuzi haijakata.

#18 Chuma_Chakavu
Hapo kwenye fyuzi kuna mtego mwingine. Fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 maana yake zinakatika kwa 35, lakini kwa kazi ya mfululizo ni 17 hivi. Fyuzi za kisasa zimeandikwa kwa ampia za mfululizo. Mtu anatoa ya kioo ya 35 anaweka ya kisu ya 35, anadhani amerudisha kilekile. Amepandisha mara mbili. Weka 15.

#19 Bonde_la_Ufa
Wakuu, nimetenganisha waya wa rivasi na taa za kazi kama mlivyosema. Tatizo limeisha, ila siyo lote. Jana taa za kazi zikiwa zimezimwa, gia ikiwa huru, injini iligoma kuzima mara moja. Mara ya pili ilizima. Halafu chini ya boneti kuna rilei ya zamani imefichwa nyuma ya boksi la fyuzi: inapokea waya mweupe kwenye 86 na inalisha koili moja kwa moja kutoka betri. Kuna uhusiano?

#20 Salenda_Bridge
Upo. Angalia taa nyekundu ya chaji. Injini ikizunguka, pini ya IND ya altaneta, ile ya waya wa taa hiyo, ina volti 14. Ukizima funguo, umeme unatoka altaneta, unapita globu ya chaji, unaingia waya mweupe. Ndiyo maana magari yaliyobadilishwa kutoka dinamo kwenda altaneta wakati mwingine hayazimi.

#21 Fundi_Waya
Salenda_Bridge, globu ile ni ya wati 2.2, inapitisha ampia 0.18 tu. Koili ya Lucas inataka tatu. Kwa gari ya kawaida hoja hiyo haisimami.

#22 Salenda_Bridge
Kwa gari ya kawaida, nakubali. Lakini hii siyo ya kawaida tena, soma #19. Waya mweupe haulishi koili, unalisha rilei, na rilei iliyokwishanasa inashikilia hata kwa volti tatu. Ampia 0.18 zinaitosha kabisa.

#23 Mkonga_78
Ingekuwa hivyo ingegoma kila siku, siyo mara moja.

#24 Salenda_Bridge
Siyo lazima. Waya mweupe bado unalisha geji, wipa na taa za breki kupitia fyuzi ya kijani. Dereva akizima funguo huku amekanyaga breki, globu mbili za wati 21 zinameza hicho kiumeme chote, rilei inaachia, injini inakufa. Akizima bila kukanyaga breki, rilei inabaki. Mleta uzi jaribu hivyo. Dawa ni daiodi moja kwenye waya wa taa ya chaji, mstari utazame altaneta.

#25 Mzee_wa_Zenith
Au ncha za hiyo rilei ya zamani zimeshikana kwa kuungua. Rilei ya umri huo inaganda, ukiigonga inaachia. Ingekuwa mimi ningeitupa kwanza.

#26 Chuma_Chakavu
Na mleta mada alianza na swichi ya funguo, bado hatujaiondoa kwenye orodha. Poda ya shaba ndani inaunganisha pini. Tofauti utaiona kwa kuchomoa waya mweupe mgongoni mwa swichi injini ikiwa imegoma. Ikizima, swichi ndiyo inayopitisha. Isipozima, umeme unatoka kwingine. Usiguse wa kahawia, huo ni moto wa betri usio na fyuzi, bisibisi ikiuegemeza kwenye bodi unaunguza waya zote za gari.

#27 Mkonga_78
Mkiwa mnabishana niulize la redio. Gari za safari zenye redio ya VHF, ukiwasha LED za bei rahisi redio inakoroma na sauti inapotea. Wengine wanasema ni saketi ya ndani ya taa, wengine wanasema ni ethi mbovu.

#28 Daiodi_1N4007
Saketi ya ndani. Inakata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na waya wa taa unakuwa antena. Sokota waya mbili za taa pamoja, ethi ya taa irudi kwa waya wake hadi betri, na usipitishe sambamba na kebo ya antena.

#29 Nanyuki_4x4
Ethi nayo usiidharau. Bodi ya Land Rover ni alumini, chasisi ni chuma, kati yake kuna bolti zenye kutu. Dalili ni hii: ukikanyaga breki, taa ya rivasi inang'aa hafifu na taa ndogo zinafifia. Umeme umekosa njia ya kurudi, unatafuta njia kupitia globu nyingine. Na bolti za chuma cha pua ukizifunga moja kwa moja kwenye alumini, miaka michache tundu linakuwa unga mweupe. Weka wosha ya plastiki na grisi, na waya upite kwenye raba ya tundu.

Kuhusu mahali: juu ya mlango panafaa kwa kazi, lakini kama taa hazijachomoza kulipita gurudumu la spea lililo mlangoni, nusu ya mwanga inaishia kwenye tairi. Zielekeze chini ili duara la mwanga lianze mita moja hivi nyuma ya bampa. Chukua za mwanga mpana. Zenye mwanga wa mbali zinaonyesha mti wa mita hamsini na kukuficha shimo lililo chini ya gurudumu.

#30 Vumbi_la_Singida
Na trafiki?

#31 Salenda_Bridge
Nyeupe ya nyuma ni kwa kurudi nyuma tu. Kwa kulinganisha, kanuni za taa za Uingereza za 1989 zinaruhusu taa mbili za rivasi, na kama zinawashwa kwa swichi ya mkono lazima kuwe na taa ya kumwonyesha dereva kwamba zimewaka. Hicho kitaa cha dashibodi kifunge hata kama hakuna anayekuuliza. Kiunge kwenye pini 87, siyo kwenye swichi, ili kiwake pia rilei ikiganda.

#32 Bonde_la_Ufa
Shukrani. Nimezima mara sita bila breki: imegoma mara mbili. Mara nne kwa breki: imezima zote. Lakini mara moja kati ya zile mbili, nilipogonga rilei ya zamani injini ilikufa.

#33 Salenda_Bridge
Mara mbili kati ya sita bila breki, sifuri kati ya nne kwa breki. Taa ya chaji hiyo.

#34 Mzee_wa_Zenith
Imekufa kwa kugongwa. Rilei hiyo.

#35 Fundi_Waya
Kipimo cha #26 bado hakijafanyika. Kifanye injini ikiwa ya moto, baada ya mwendo wa nusu saa, na multimita iwe kati ya pini 86 ya rilei na ethi wakati imegoma. Ukisoma chini ya volti moja, ncha zimeganda. Ukisoma tano au zaidi, kuna kinachoilisha, na hapo ndipo unachomoa waya wa IND kwenye altaneta, kisha mweupe wa swichi, kimoja kimoja, uone kipi kinaizima.